Fikra haina miguu

Ndugu msomaji, wiki hii naomba nianzie stendi ya Makambako. Nilifika pale jioni moja nikitokea Njombe, baridi ya huko ikiwa imenifuata mpaka ndani ya basi. Nikawa nasubiri gari la kwenda Iringa, nikajibanza kwenye kibanda cha chai kilicho jirani na mahali wanapopakia viazi. Vijana watatu walikuwa wakipandisha magunia kwenye lori. Nasema magunia kwa kuyaheshimu tu, maana zilikuwa lumbesa, zile zinazoshonewa kilemba juu mpaka gunia moja linakuwa gunia na nusu.

Mmoja wa vijana wale alinitambua kwa sauti nilipoagiza chai. "Mzee, wewe si ndiye yule wa redio?" Nikakubali, ingawa hilo la mzee lilinichoma kidogo, kwani nina miaka arobaini na ushee tu. Kumbe alikuwa amesikiliza maoni yangu ya wiki iliyotangulia, ambamo niliwagusia wanafalsafa wa Ufaransa na mapinduzi yao. Akajifuta jasho na kusema, "Sasa mzee wangu, hao wanafalsafa wako waliwahi kubeba gunia? Mtu amekaa chumbani anaandika kitabu, halafu mfalme anaanguka. Inakuwaje? Sisi huku mkulima anapunjwa kwa lumbesa kila msimu. Mbona hakijaandikwa kitabu cha kuangusha lumbesa?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada yangu ya uandishi wa habari. Gari likafika kabla sijamjibu. Nikamwahidi kwamba nitamjibu redioni, na hili ndilo jibu lenyewe, kama lilivyosomwa hewani na kama linavyochapwa hapa kwa ajili ya wale waliokosa kipindi.

Nianze na hao Wafaransa, maana ndio walioleta ubishi. Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, alitoa kitabu chake juu ya mkataba wa kijamii mwaka 1762. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mamlaka ya haki hayatoki kwenye ukoo wala kwenye upanga, bali hutoka kwa wananchi wenyewe waliokubaliana kuishi pamoja. Kitabu kilipigwa marufuku Paris, na huko kwao Geneva kikachomwa moto. Rousseau alifariki mwaka 1778. Mapinduzi yalianza mwaka 1789, yaani miaka 11 baadaye. Kwa hiyo bwana huyu hakumwangusha mfalme yeyote. Siku anaingia kaburini, Mfalme Louis wa 16 alikuwa bado kwenye kiti chake, anakula na kusaza.

Je, ni kitu gani kilitokea katika miaka hiyo 11? Kwanza, ilikuja njaa. Mavuno ya 1788 yaliharibika, na ilipofika Julai 1789 bei ya mkate mjini Paris ilikuwa imempita kabwela kichwa. Pili, serikali ilikuwa imezama katika madeni na ikataka kodi zaidi, wakati makabaila na viongozi wa kanisa walikuwa wamesamehewa sehemu kubwa ya kodi hizo. Tatu, walijitokeza watu wa kuitoa fikra kwenye vitabu vinene na kuileta barabarani. Januari 1789 kasisi mmoja aitwaye Emmanuel Sieyès alichapisha kijitabu kilichouliza swali jepesi tu: tabaka la tatu, yaani watu wa kawaida, ni nini? Hoja yake ilikuwa kwamba hao ndio taifa lenyewe. Muuza samaki asiyejua kusoma hakuweza kumsoma Rousseau, lakini aliweza kusimuliwa swali hilo sokoni na akalielewa palepale.

Hapo ndipo ninapoweka msingi wa jibu langu. Fikra haina miguu. Ili itembee inahitaji mambo matatu: shida iliyokwisha kuiva, jina ambalo watu wanaweza kulitamka kwa lugha yao, na wachukuzi wa kuifikisha. Njaa peke yake huvunja ghala, na ghala likishavunjwa watu hurudi majumbani. Fikra humwambia mwenye njaa jambo zaidi. Humwambia kwamba njaa yake si amri ya Mungu, bali imetengenezwa na watu, na kilichotengenezwa na watu chaweza kutenguliwa na watu.

Msomaji atasema hayo ni ya Ulaya, yametuhusu nini? Basi na turudi Njombe.

Nje kidogo ya mji wa Njombe kuna mahali panaitwa Yakobi, palipokuwa na misheni ya Kilutheri. Septemba 1905 wapiganaji wa Kibena chini ya mtemi Mbeyela waliishambulia misheni ile. Walikuwa wameingia katika vita ya Majimaji. Sasa jiulize, ndugu msomaji. Vita ile ilianzia mbali sana, katika vilima vya Matumbi, mwishoni mwa Julai mwaka uleule, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Mwenye fikra yake alikuwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ikiwa bado mbichi. Ni nani basi aliyeifikisha fikra ya marehemu mpaka Ubena, na hapakuwa na simu, gazeti wala redio?

Ilifikishwa na wachukuzi. Wajumbe walioitwa hongo walitembea kwa miguu kutoka kabila hadi kabila, wakiwa na dawa ya maji na maneno ya kuambatana nayo. Maneno yale, tukiyachambua, yalikuwa falsafa kamili. Yalisema kwamba watu weusi wote ni wamoja hata kama hawazungumzi lugha moja, kwamba wahenga wao wako pamoja nao, na kwamba utawala wa Mjerumani una mwisho. Shida ilikuwa imeiva tayari: kodi, viboko na kazi za shuruti. Jina lilikuwa fupi, mtoto angeweza kulitamka: maji!

Lakini ndani ya fikra ile kulikuwa na uongo, na uongo ule uliua. Risasi hazikugeuka maji. Wajerumani walijibu kwa bunduki, kisha wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikawamaliza wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa wanafikia 250,000 hadi 300,000. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, alilishika jambo hilohilo: fikra ikishatoka mdomoni mwa mwenyewe hukua na kumshinda nguvu, na yeye hawezi tena kuirudisha.

Hata hivyo, ile sehemu ya kweli haikufa. Desemba 1956 kijana mmoja kutoka Butiama alisimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa kule New York kudai uhuru wa Tanganyika, na katika hotuba yake akawakumbuka wapiganaji wa Majimaji. Alikuwa Julius Nyerere. Aliuchukua umoja, akaiacha dawa. Chama chake cha TANU, kilichozaliwa Julai 7, 1954, kiliamua kupigania uhuru bila kumwaga damu.

Huyu naye alikuwa msomaji wa wanafalsafa. Akiwa Makerere aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa kabila lake, akiongozwa na mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill. Kuanzia 1949 hadi 1952 alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskochi, na falsafa ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Angeweza kurudi na maneno ya Edinburgh akayamwaga kwenye mikutano ya Mnazi Mmoja. Watu wangepiga makofi kwa heshima, kisha wangeenda zao. Badala yake, alipotoa kijitabu chake juu ya siasa ya ujamaa mwaka 1962, alichukua neno la nyumbani. Jamaa kila mtu anamjua. Ni yule anayekuja msibani bila kualikwa, na akija kwako na njaa humwulizi amekuja kufanya nini.

Uhodari wake huo wa maneno uliendelea. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi. Mtu mwingine angeandika "mfanyabiashara" na kuendelea na safari. Mwalimu aliandika Mabepari wa Venisi. Kwa neno moja la jalada, mchezo wa karne ya 16 ukawa unazungumza na Tanzania ya Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967. Azimio nalo lilikuwa na maneno ya mtaani: kupe, mirija, unyonyaji. Mkulima wa Njombe hakuhitaji kumsoma Karl Marx ili aelewe kupe ni nani. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kumfundisha.

Hata pale Makambako, reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia, unaiona fikra iliyogeuka chuma. Wazo lilikuwa kwamba Zambia huru isitegemee njia za makaburu na walowezi wa kusini. Wakubwa wa Magharibi walisema reli hiyo haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza mwaka 1970, na ilipofika 1975 reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikuwa imetandikwa.

Mbegu za siku zile ziliota mpaka nje ya mipaka yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana wa Kiganda, Yoweri Museveni, alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha historia. Tasnifu yake aliiandika juu ya mawazo ya Frantz Fanon, daktari wa Martinique aliyefariki mwaka 1961. Januari 1986 msomaji huyo wa Fanon aliingia Kampala na jeshi lake. Mwaka uleule alisema kwamba tatizo la Afrika ni viongozi wanaong'ang'ania madaraka. Lakini mwaka 2005 katiba ya Uganda iliondolewa ukomo wa vipindi vya urais, na mwaka 2017 ukaondolewa ukomo wa umri.

Na hapa, kijana wangu wa Makambako, ndipo penye kiini cha jibu langu. Wanaouliza kama fikra inaweza kuleta mapinduzi huishia kwenye siku ya ushindi. Mimi naona swali gumu linaanza kesho yake. Fikra ikishaingia ikulu, ni nani atakayeruhusiwa kuiuliza maswali?

Twende kwa mfano wa jirani. Ukitoka Makambako, ukapita Njombe na kuendelea kusini, unafika Songea. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa. Walilima pamoja, wakagawana mapato, wakaamua mambo yao katika mikutano yao. Vijiji vingine vikafuata, kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na vikafikia vijiji 17. Hawakuamriwa na mtu. Mwalimu mwenyewe alivutiwa nao, na alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 mfano wa watu hawa ulikuwa mbele ya macho yake. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile. Kosa lake? Kilijiamulia mno. Wakubwa waliipenda fikra, ila hawakupenda wananchi waishike mkononi bila kuomba ruhusa.

Miaka miwili baadaye, katika mkoa wa Iringa, ambao siku hizo ulikuwa na Njombe na Makambako ndani yake, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Isimani kusimamia kilimo cha ujamaa. Ilikuwa Desemba 25, 1971, siku ya Krismasi. Akabishana na mkulima Said Mwamwindi juu ya shamba. Mwamwindi akampiga risasi, kisha mwenyewe akaupeleka mwili polisi. Naye alihukumiwa kunyongwa. Msomi aliyeiamini fikra na mkulima aliyeliamini shamba lake wakaishia wote kaburini, kwa kuwa hapakuwa na nafasi kati yao ya kuulizana na kujibizana.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba mlimani, kati ya Njombe na Makambako, yenye mianzi ya ulanzi nyuma yake. Walikuja watu na lori, wakamshusha barabarani pamoja na kuku wake na wajukuu wawili, na mvua ilikuwa imeanza. Paa la nyumba aliyoiacha waliling'oa ili asirudi. Aliponisimulia hakuwa na chuki na Mwalimu hata kidogo. Picha yake aliitundika sebuleni mpaka anafariki. Alisema tu, "Mjukuu wangu, lile neno lilikuwa zuri. Tatizo waliokuja kulisema walikuwa hawasikii." Sijapata kusoma uchambuzi wa Operesheni Vijiji ulio mfupi na wa kweli kuliko huo.

Na tumtendee Mwalimu haki. Mwaka 1977, katika kijitabu cha tathmini ya miaka kumi ya Azimio, alikiri waziwazi kwamba Tanzania haikuwa imefikia ujamaa wala kujitegemea, akaorodhesha na makosa. Viongozi wa mapinduzi wanaofanya hivyo ni wachache. Ufaransa, Robespierre aliyemwabudu Rousseau alipeleka wapinzani wake kwenye mashine ya kukata vichwa, mpaka Julai 1794 zamu ikamfikia yeye.

Je, siku hizi fikra inatembeaje? Wengi hudhani simu imebadilisha kila kitu. Mimi naona yale matatu ni yaleyale. Juni 2024 vijana wa Kenya waliuchukua Muswada wa Fedha, kitabu kikavu kisicho na raha ya kusoma, wakautafsiri kwa lugha za makabila na kwa Sheng, wakausambaza mtandaoni. Shida ilikuwa imeiva: ugumu wa maisha na kodi mpya. Lugha ikapatikana, na wachukuzi wakawa kila mwenye simu. Juni 25 waliingia mpaka ndani ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada. Lakini tusisahau kwamba vijana kadhaa walipigwa risasi, na mama zao mpaka leo wanalia. Anayezungumzia mapinduzi kama mchezo wa mpira hajapata kumzika mtu.

Sasa nirudi kwenye lumbesa, kwa kuwa niliahidi. Kijana wangu, uliniuliza mbona hakijaandikwa kitabu cha kuangusha lumbesa. Sheria ya vipimo ipo, na inakataza gunia la mazao lizidi kilo 100. Kilichoandikwa kipo. Shida imeiva, tena imeoza. Kinachokosekana ni wachukuzi. Kwani lumbesa inaanguka pale mkulima wa Njombe anapoamini kwamba kilo ni kilo, kwamba jasho lake lina uzito unaopimika, na kwamba jirani yake naye atakataa kuuza bila mizani. Akikataa peke yake, mnunuzi ataenda nyumba ya pili. Wakikataa kijiji kizima, mnunuzi atatafuta mizani. Hiyo ni falsafa, ndugu yangu, hata kama haina jina la Kifaransa. Ndiyo ileile ya Rousseau: watu wanaopatana wenyewe kwa wenyewe hupata mamlaka ambayo mmoja mmoja hana.

Na siku mtakapoweka mizani hiyo, mkachagua na viongozi wa kuisimamia, msiende kulala. Wakagueni. Waulizeni mizani ilirekebishwa lini, na mnayemchagua awe mtu anayesikia.

Uliniuliza pia kama wanafalsafa waliwahi kubeba gunia. Wengi wao hawakubeba. Ndiyo maana walihitaji, na mpaka leo wanahitaji, mtu anayejua kubeba. Nikipita tena Makambako nitakuja kibanda kile kile, na safari hii chai nitalipa mimi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.